Kifaru Juu ya Mkeka wa Hina

Mume wangu alivunjika mguu nyumbani kwetu Mwabungo, akiwa juu ya ngazi, anabadilisha makuti ya jikoni ambayo nilikuwa nimelalamika kwamba yanavuja. Yeye ni fundi wa viyoyozi katika hoteli moja ya Diani. Miaka yote amepanda mapaa ya hoteli na kuning'inia kwenye kuta za ghorofa, hakuteleza hata mara moja. Alikuja kuanguka kwenye jiko ambalo ukinyoosha mkono unaligusa paa lake.

Mimi nilikuwa ndani nachanganya hina. Nilisikia ngazi ikigonga ukuta, kisha kimya, kisha sauti ya mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, akisema "Laa ilaha illa llah" polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa. Nilitoka mbio na mikono yangu ikiwa na hina mpaka kwenye vifundo. Bado ilikuwa myekundu tulipofika hospitali ya Msambweni, na muuguzi aliponiona alidhani ni damu, akataka kunishughulikia mimi kwanza.

Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika vibaya. Walimfanyia upasuaji, wakamtia chuma na plasta, wakamwambia asiukanyage mguu ule mpaka watakapomruhusu. Tukarudi naye nyumbani, nikampangia makochi sebuleni ili aone njia.

Mume wangu si mtu wa kulalamika. Ingekuwa afadhali angelalamika. Wenzake wa kazini walipokuja kumtazama alicheka nao, akawasimulia alivyoanguka, akawaigizia mama yake. Wakishaondoka alinyamaza. Nikimuuliza anataka chai au uji, hujibu, "Upendavyo." Nifungue dirisha au nilifunge? "Upendavyo." Lilikuwa ni neno la adabu, lakini lilirudiwa mpaka nikaanza kuliogopa. Nilikuwa nimeolewa na mtu mwenye rai juu ya kila kitu, hata juu ya namna ya kukata kitunguu.

Juu ya kabati letu la nguo kulikuwa na boksi kubwa, limekaa hapo miaka. Alipewa na mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa na nyumba Galu. Mzee huyo alikuwa na rafu nzima ya mifano ya magari ya kivita aliyoijenga kwa mkono wake, na mume wangu kila alipokwenda kusafisha viyoyozi alikuwa akisimama mbele ya rafu ile kabla ya kufungua mkoba wa zana. Mzee alipouza nyumba na kurudi kwao kabisa, aligawa vitu. Mpishi alipata friji, mtunza bustani alipata baiskeli, mume wangu akapata boksi ambalo halijafunguliwa. Alilileta nyumbani amelikumbatia, akaliweka juu ya kabati, na hakulishusha tena. Kila mara alisema anangoja apate nafasi.

Asubuhi moja nilipanda kiti nikalishusha. Lilikuwa na vumbi na vinyesi vya mijusi. Nililipangusa, nikaliweka sakafuni karibu na kochi.

"Hilo la nini?" akauliza.

"Nataka kuona kilichomo."

"Kuna plastiki tu."

"Basi niione hiyo plastiki."

Kwenye kifuniko kulikuwa na picha ya kifaru cha vita kikipita kwenye theluji, mtutu umenyooka mbele. Ndani mlikuwa na fremu za plastiki, moja juu ya nyingine, na kila fremu imeshikilia vipande kwa vijiti vyembamba: magurudumu, vifuniko, minyororo, skrubu ndogo kama mbegu za mchicha. Kulikuwa pia na kitabu cha maelekezo, kinene, karibu chote ni michoro. Nilimpa. Alikichukua kwa namna ya mtu anayetaka kuniambia kwamba kazi hii haiwezekani. Nilikwenda jikoni, nikapika, nikasikia adhana ya adhuhuri, na niliporudi bado alikuwa anakisoma, amefikia katikati, na kidole chake kimeshika ukurasa wa nyuma ambao alitaka kuurudia.

"Hiki ni kikubwa," akaniambia. "Vile vya mzee vilikuwa vidogo, kimoja unakishika kwa mkono mmoja. Hiki kikimalizika kitajaa meza."

Hakusema "upendavyo." Nikamletea msasa, wembe, koleo lake la kukatia nyaya, na kibanio changu cha nyusi.

Kazi yenyewe si ya haraka. Unakikata kipande kutoka kwenye fremu, unasugua pale kilipokuwa kimeshikwa mpaka pasionekane alama, unakijaribu mahali pake bila gundi, unakitoa, unasugua tena, ndipo unatia gundi. Alinieleza kwamba gundi ile hainati kama gundi nyingine, bali inayeyusha plastiki kidogo pande zote mbili, na zikigusana zinakuwa kitu kimoja. "Ukikosea hapa hakuna kubandua," alisema. Kwa hiyo alikuwa anakaa na kipande mkononi muda mrefu, anakigeuza, na mimi nikipita naona midomo yake inatembea.

Magurudumu yalikuwa mengi. Alipanga yaliyokwisha kwenye dirisha ili yakauke, na mama mkwe akapita, akayatazama.

"Mwanangu, ni nini hivi?"

"Magurudumu ya kifaru, mama."

"Cha kuulia watu?"

"Hiki hakina hata injini, mama."

Mama mkwe akaketi. Ni mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo, ambaye hajawahi kunipandishia sauti tangu nilipoingia nyumba ile, na hana haja nayo. Aliomba aoneshwe kila kitu kilichomo kwenye boksi. Alipofikia sanamu ya askari, nusu mtu, ya kuchomeka kwenye mlango wa juu, akaishika kwa ncha za vidole.

"Huyu hapana. Katika nyumba ninayoswalia, huyu hapana."

Mume wangu akaipokea, akairudisha ndani ya boksi. "Nilishaamua mlango wa juu niufunge," alisema, na sijui mpaka leo kama kweli alikuwa ameshaamua. Mama mkwe aliridhika. Kifaru chetu hakikuwa na mtu.

Mwanzoni nilikuwa mtazamaji tu. Lakini vidole vya mume wangu vimezoea spana na mabomba, na vipande vingine vilikuwa vidogo hata pumzi inavirusha. Siku moja alihangaika na ndoano fulani ya kufungia shoka ubavuni mwa kifaru. Ilimponyoka, akaitafuta, ikamponyoka tena. Nilimwomba nijaribu. Kazi yangu ni kuwapaka hina maharusi. Mkono wangu umezoea kutembea juu ya ngozi ya mtu bila kumfinya, na macho yangu yamezoea mstari mwembamba. Nikaiweka ndoano mahali pake. Tangu siku hiyo vitu vyote vidogo vikawa vyangu, na jioni baada ya alasiri, nisipokuwa na harusi, tuliketi pamoja, yeye kwenye kochi na mimi chini kwenye mkeka, tukizungumza habari za vipande tu. Lete kile. Siyo hicho, cha pembeni yake. Shika hapa. Ilikuwa inatosha.

Kisha likatokea jambo la shangazi wa Gazi.

Mnyororo wa kifaru umeundwa kwa pingili, kama muwa; kila pingili ni kipande peke yake, na zinaunganishwa moja moja mpaka mnyororo uzunguke magurudumu yote. Mume wangu alikuwa amezikata zote, amezisugua, amezipanga kwenye sinia. Siku hiyo akaja bibi harusi kupakwa, amefuatana na wanawake wa kwao, na miongoni mwao shangazi yake kutoka Gazi, mtu mzima, mnene, aliyevaa leso mpya inayonukia udi. Mume wangu alihamia chumbani kuwapisha wanawake, sinia likasukumwa chini ya kochi, tukatandika mkeka mkubwa. Wakaimba, wakala, wakalala kidogo, wakaondoka jioni.

Alipozihesabu pingili, moja ilikuwa imepungua. Akahesabu tena. Tulitoa makochi nje, tukakung'uta mkeka, tukafagia hadi uani. Aliketi sakafuni, mguu wenye plasta umenyooka mbele yake, akipapasa chini ya kabati kwa fimbo yake. Hatukuipata. Waliotengeneza kifaru kile walikuwa wameweka pingili kamili, bila ya ziada.

"Basi," alisema. "Kazi imekwisha."

Ile sauti ya "upendavyo" ilikuwa imerudi, ingawa neno lilikuwa jingine.

Zilipita siku kadhaa, kisha nikapigiwa simu. Tulisalimiana na shangazi, tukaulizana hali za nyumbani kwa ukamilifu, halafu akashusha sauti.

"Mwanangu, nina jambo la kukuuliza, na usinifiche. Siku ile ya hina, kuna mtu aliyenitilia kitu kwenye leso?"

"Kitu gani, shangazi?"

"Kidude cheusi. Kina meno. Kilinasa kwenye pindo. Nimekisomea Ayatul Kursii nikakiweka nje juu ya ukuta, na sitaki kukirudisha ndani."

"Shangazi, usikitupe. Hicho ni cha mume wangu."

Akasema kwa huzuni, "Mumeo anafanya mambo hayo?"

Nikamwambia ni pingili ya mnyororo wa kifaru, na maneno yale yakazidi kumtia wasiwasi. Mwisho nilimpa mume wangu simu. Alimwamkia, akamweleza kwa adabu kubwa kwamba amevunjika mguu, kwamba anajenga mfano wa kifaru, kwamba hakuna mtu aliyemfanyia ubaya. Alisikiliza kwa muda, akisema "Naam, shangazi. Naam. Hapana, si uchawi. Ni plastiki." Alipokata simu alijifunika uso kwa mto, na nilidhani analia, mpaka nilipoona tumbo linavyotikisika. Alicheka mpaka mama mkwe akatoka chumbani kwake na tasbihi mkononi kuuliza kuna nini. Tangu aanguke hakuwahi kucheka hivyo bila wageni. Kesho yake pingili ikaletwa na kijukuu cha shangazi, imefungwa kwenye karatasi, imefungwa tena kwenye mfuko, pamoja na samaki wa ng'onda wazuri na salamu za kumwombea afya.

Kifaru kilipokamilika kuunganishwa kilikuwa cha kijivu kitupu, na kweli kilijaa meza. Tulihitaji rangi. Mume wangu ana rafiki, mtu wa bara, anayepaka magari rangi katika gereji moja Ukunda. Alikuja na pikipiki, amebeba bomba dogo la kupulizia na makopo ya rangi. Alimwamkia mama mkwe shikamoo vizuri kabisa, kisha akakigeukia kifaru.

"Mzee, hii ni kali. Umeitengeneza wewe mwenyewe?"

"Mimi na mke wangu."

"Poa. Sasa tunaanza na praima, ile rangi ya chini, ikishika ndiyo tunapiga rangi yenyewe."

Kabla ya kupuliza alichukua kipande cha fremu iliyobaki akakidondoshea thina ya gereji, ile ya kuyeyushia rangi. Plastiki ilikunjamana mbele ya macho yetu kama ngozi ya maziwa. Akatikisa kichwa. "Zii. Hii itaimaliza." Akarudi siku nyingine na rangi ya maji, nyembamba, akasimama nyuma ya nyumba mahali pasipo upepo, akaipuliza kwa mbali, kidogo kidogo. Tulichagua kijani kilichokomaa, kama jani la mkorosho la zamani.

Ilikuwa masika. Asubuhi ile kulikuwa na jua safi, na kabla ya rangi kukauka mawingu yalikusanyika kutoka baharini, na unyevu ukaingia hewani kabla hata ya tone la kwanza. Tulikibeba kifaru mbio hadi jikoni. Kufika huko upande mmoja ulikuwa umefanya weupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Mume wangu alitaka kuufuta kwa kitambaa. Rafiki yake akamshika mkono.

"Usiiguse. Ukiigusa umeharibu. Iache ikae, jua likirudi nitapitisha mkono tena."

Tukakiacha jikoni, kimefunikwa kwa kapu lililopinduliwa, na mimi nikipika nikipunguza moshi. Jua liliporudi, rafiki yake alipitisha rangi nyembamba juu ya weupe ule, na ukatoweka.

Zamu yangu ikafika. Nilipaka mipini ya shoka na sepetu ubavuni mwake iwe mbao, nikachora na mistari ya mbao kwa unywele mmoja wa brashi. Nilipaka vichwa vyake viwe chuma. Nembo zake zilikuwa kwenye karatasi ya kulowekwa kwenye maji. Unaitelezesha nembo kwa brashi mpaka mahali pake, nayo inashika. Mume wangu alinishikia taa. Nilipomaliza alikitazama pande zote, akapitisha kidole mgongoni mwake.

"Kimekwisha," akasema. "Kizuri."

"Bado kuchafuliwa."

Nilimwonesha ukurasa wa mwisho wa kitabu: kifaru kimejaa tope kwenye minyororo, vumbi ubavuni, rangi imechubuka kwenye kingo, michirizi ya kutu. Nilikuwa nimeutazama ukurasa ule siku nyingi, na kusema kweli nilikuwa na hamu nao kuliko kazi nyingine zote.

"Kuchafua?" alisema. "Nimekitia msasa mpaka kimekuwa laini kama yai, halafu ukichafue?"

Lazima muelewe kwamba kazi yake ni kuondoa vumbi. Ameondoa vumbi kwenye viyoyozi vya watu tangu ujana wake, na analichukia kama watu wengine wanavyochukia nyoka. Lakini mimi wakati ule sikulifikiria hilo. Nilisema tu, "Kifaru kisafi hakijatoka nyumbani."

Akautazama mguu wake.

"Kama mimi."

"Sikukusema wewe."

"Hukunisema."

Akageuza uso dirishani. Nilijaribu kumweleza, nikaona kila ninachosema kinaongeza. Basi kifaru kikakaa juu ya meza, kijani, kisafi, na hatukukizungumza.

Katika siku hizo plasta ikatolewa. Daktari alimwambia atembee kwa magongo, aukanyage mguu kidogo kidogo, na asiogope. Alitembea kutoka kochini mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka kisimani. Hakupita kisima. Msikiti uko karibu na kwetu, muadhini akikohoa tunamsikia, lakini aliendelea kuswali kwenye kiti ndani. Watu walimwuliza lini atatoka. Alisema inshallah.

Asubuhi moja tunakunywa chai, na bila kuniangalia akasema, "Huo udongo wako ungeupata wapi?"

Niliweka kikombe chini. "Hapa hakuna. Huu wetu ni mchanga mweupe, utaonekana kama unga."

"Kwa mama mdogo ni mwekundu."

Mama yake mdogo, yaani mdogo wake mama mkwe, anakaa ng'ambo ya mji wa Kwale, upande wa kushukia Kinango, ambako nchi ni kavu na watu wanafuga.

Mama mkwe alikuwa anatusikiliza. "Mnakwenda kwa mdogo wangu kuchukua udongo? Mtamwambiaje?"

"Tutamwambia tumekwenda kumsalimu."

"Basi msalimuni kwanza."

Yule rafiki wa Ukunda alitupeleka kwa gari lake mwenyewe, ambalo milango yake ni ya rangi tofauti, kwa sababu gari la fundi wa rangi ndilo la mwisho kupakwa. Kombani tukapinda, tukapanda kilima. Hewa ikapoa. Mume wangu alikaa mbele, magongo kati ya magoti, na nikiwa nyuma yake niliona shingo yake ikigeukageuka, anasoma vibao vya njiani kama mgeni. Baada ya Kwale tukaanza kushuka, miti ikapungua, na udongo pembeni mwa barabara ukawa mwekundu.

Mama mdogo alitupokea kwa maziwa ya mgando na maswali. Aliushika mguu wa mume wangu, akaubonyeza juu ya kovu, akamwuliza kama anasikia. Tulimsalimu vya kutosha. Ndipo mume wangu akaomba udongo.

"Wa dawa?"

"Wa rangi, mama. Mke wangu anataka kuchafua kitu."

Hakuuliza zaidi. Alionesha kwa kidevu kichuguu kilichosimama mbele ya zizi la mbuzi, ng'ambo ya korongo dogo. "Chukueni wa mchwa. Wa mchwa ndio laini, wao wameshausaga."

Nilitaka kwenda peke yangu. Mume wangu alikuwa ameshasimama. Tulitembea kwenye njia ya mbuzi, yeye mbele na mimi nyuma na kopo. Magongo yalizama kwenye vumbi, yakagonga mawe, na kila yalipogonga nilijizuia kunyoosha mkono. Kwenye mteremko wa korongo gongo moja lilisukuma jiwe, jiwe likabiringika, na akateleza. Alikaa chini kwa kishindo, akashuka kwa makalio mpaka korongoni.

Nilimfikia nimeishiwa pumzi. Mguu ulikuwa mzima. Alikuwa ameketi katikati ya vumbi, suruali nyekundu kuanzia kiunoni, anaupapasa muundi.

"Uketi," aliniambia.

Nikaketi karibu naye kwenye vumbi. Mbuzi walikuja wakatutazama, wakaondoka.

"Nikilala naota ngazi," alisema. "Sianguki. Niko juu tu, na siwezi kushuka."

Sikuwahi kumsikia akisema anaogopa kitu.

"Sidhani nitapanda tena. Na hoteli sijui watanitakia nini, fundi wa chini."

Mume wangu si mtoto, na mimi sikuwa na habari yoyote ya hoteli ambayo yeye hakuwa nayo. Nilimwambia ile suruali haitatakata tena. Akaitazama, akaipiga kofi, vumbi likafuka. "Hii imeshakwisha," alisema. Kisha akageuka akatambaa kwenye ukingo wa pili, akayavuta magongo, akasimama bila ya kunipa mkono. Alifika kwenye kichuguu, akavunja kipande pembeni mahali ambapo mchwa wamehama, akakisaga kwa kiganja, akanijazia kopo.

Nyumbani niliuchekecha udongo ule kwa mtandio wa zamani wa shifoni, mara baada ya mara, mpaka ukawa kama poda ya uso. Nilichukua rangi ya mafuta ya kahawia nikaichanganya na mafuta ya taa mpaka ikawa kama chai ya rangi, nikaipitisha kwenye pembe na kuizunguka kila skrubu. Ikaingia yenyewe kwenye mifereji na kila kitu kikaonekana na kina. Kwa kipande cha sponji ya kuoshea vyombo niligusagusa kingo, rangi ikaonekana imechubuka. Halafu udongo.

Hapo ndipo mume wangu alipochukua uongozi. Nilikuwa nanyunyiza kila mahali sawasawa.

"Hapana," akasema. "Vumbi halikai hivyo. Lipe njia. Linafuata upepo, halafu linanasa penye mafuta. Hapa nyuma, moshi unakotokea, weka jingi. Hapa juu watu wanakanyaga, liwe limefutika. Chini ya kifuniko hiki lazima lijae."

Nilifuata alivyoniagiza. Nikidhani inatosha, yeye husema, "Ongeza." Ilikuwa kama kumtazama mtu akieleza tabia za adui aliyepigana naye maisha yake yote, na anaanza kumheshimu. Minyororo tuliipaka tope, udongo uliochanganywa na vanishi ya maji, kwa mswaki. Ilipokauka tulikiweka uani, kwenye mwanga wa asubuhi, na mama mkwe akaja, akainama, mikono mgongoni.

"Sasa kimetoka wapi hiki?" akauliza.

"Kwa mdogo wako," mume wangu akajibu.

Mguu ulipona, ukabaki mfupi kidogo kuliko mwenzake. Ijumaa moja alivaa kanzu akaenda msikitini kwa gongo moja, na nilisikia watu wakimpokea kwa sauti. Hoteli walimrudisha, lakini si juu. Walimpa kazi ya karakana: anatengeneza mota na feni zinazoletwa mezani kwake, na vijana ndio wanaopanda. Mwanzoni hakuipenda. Alikuja nyumbani akisema anakaa kama fundi saa. Siku za mvua mguu unamuuma, na siku hizo hazungumzi sana. Siku nyingine hunieleza kwa mapana juu ya mota fulani iliyokataa, na alivyoifungua, na alichokikuta ndani, na mimi nasikiliza huku nikichora.

Kifaru tulikiweka juu ya kabati la vyombo sebuleni. Maharusi wangu, wakikaa na mikono imenyooka mbele wakingoja hina ikauke, hawana la kufanya ila kukitazama, na wengi huuliza.

Juzi mume wangu akiwa kazini niliona waya wa redio wa kifaru, ule mwembamba unaosimama nyuma ya kichwa chake, umevunjika. Kipande chenyewe hakikuwapo. Nilitazama chini, nikatazama nyuma ya kabati. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Mkwe wangu, usitafute. Ni mimi."

"Kimekuangukia, mama?"

"Nakipangusa kila asubuhi. Jana mkono umeteleza."

Nilimtazama. Vumbi lile lilikuwa limeshikwa kwa vanishi, kwa hiyo halikuwa limeondoka, lakini nilipoangalia vizuri niliona mgongo wa kifaru unang'aa kidogo mahali ambapo kitambaa kinapita kila siku.

"Kina udongo wa kwa mdogo wangu," alisema, "lakini vumbi la hapa silitaki."

Aliona haya kumwambia mwanawe. Nikatoka uani, nikachomoa chelewa moja kwenye ufagio, nikaikata kwa wembe, nikaisugua mpaka ikawa nyembamba kama sindano, nikaipaka kijani. Mama mkwe alinishikia kifaru kwa mikono miwili, ameketi kwenye mkeka, amezuia pumzi, mpaka gundi ikashika.

Mume wangu aliporudi alikitazama, kama anavyokitazama kila akirudi. Akakikaribia, akainamisha kichwa.

"Huu waya umekuwa mrefu," alisema.

"Haya, njoo unywe chai," mama yake akamwambia.